Chungu chenye Matundu: Chumvi na Mwendo wa Maji katika Ziwa Albert

Samaki wa Kasenyi hapandi Bunia bila chumvi. Huku ufuoni, upande wa Kongo, Ziwa Albert liko takriban mita 620 juu ya bahari. Barabara inapanda ukingo wa bonde la ufa, inapita Bogoro, kisha inafika Bunia, iliyo juu ya mita 1,200. Safari yenyewe ni kama kilomita 60, lakini joto la huku chini halina huruma: samaki aina ya kapitene aliyevuliwa alfajiri huanza kulegea kabla ya adhuhuri, na gari likikwama kwenye matope ya kupanda, mzigo wote umekwisha. Ndiyo maana kina mama wa bandarini wanampasua samaki mgongoni, wanamkandika chumvi mpaka ndani ya mifupa, wanamwanika, na ndipo anapopata nguvu ya kusafiri. Samaki hao wa chumvi, makayabu yetu, wamelisha Bunia, Irumu na migodi ya Kilo tangu kabla baba yangu hajazaliwa.

Historia ya bandari hii imeandikwa mara nyingi, na kila mara inaanza na wageni: Baker, Stanley, Emin Pasha, Wabelgiji. Mimi nimefundisha fizikia katika sekondari za teritwari ya Irumu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaamini kwamba jambo kubwa zaidi lililowahi kufanyika kando ya ziwa hili lilifanyika chini ya chungu chenye matundu, mikononi mwa wanawake, na lilihusu mwendo wa maji. Mjukuu wa mmoja wao ndiye anayeandika haya.

Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa Kibiro, ng'ambo ya ziwa, nchi ya Bunyoro, upande ambao leo ni wilaya ya Hoima nchini Uganda. Aliolewa na mvuvi wa Kasenyi, akavuka kwa mtumbwi, wala hakurudi kuishi kwao. Kwetu Bahema wa kusini hilo halikuwa jambo la ajabu. Lugha yetu na ya Banyoro ni ndugu, ng'ombe wetu na wao wana majina yanayofanana, na ziwa lilikuwa njia kabla halijawa mpaka. Alichokileta nyanya hakikuonekana kwenye mzigo wake. Alijua jinsi ya kuitoa chumvi kwenye udongo, na alijua kwa nini maji yasiharakishwe.

Kibiro ni kijiji kilichobanwa kati ya ukingo wa bonde la ufa na maji ya ziwa. Mvua ni haba na ardhi haioti chakula cha kutosha, kwa hiyo kwa karne nyingi viazi, ulezi na ndizi viliteremshwa kutoka nyanda za juu na kubadilishwa kwa chumvi. Chini ya ukingo huo zinatoka chemchemi za maji ya moto, na maji yanayopanda kutoka chini kabisa ya mwamba huja na chumvi yake. Ardhi iliyo karibu na chemchemi hizo ndiyo mali. Wanawake wameigawa vipande vipande, na kila kipande ni bustani ya mtu. Bustani hizo hurithiwa upande wa kike, mama kwa binti. Wanaume huvua na kufuga mbuzi. Nyanya alipovuka ziwa, sehemu yake ilibaki kwa dada yake, na mpaka uzeeni aliitaja bustani ile kama mtu anavyotaja shamba lililoko kwa jirani.

Kazi inaanza kiangazi. Mwanamke anatandaza udongo mkavu, uliopondwa laini, juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Jua linapiga. Maji ya chumvi yaliyo chini yanavutwa juu kupitia vinyweleo vya udongo, yanafika kwenye tabaka lile la juu, yanakauka, na chumvi inabaki humo. Jioni au siku ya pili anakwangua udongo ule, anauponda tena, anautandaza tena. Siku baada ya siku udongo uleule unazidi kukolea. Mvua moja ya ghafla inaweza kuirudisha chumvi yote chini, kwa hiyo wenye bustani huangalia mawingu kwa makini kuliko wakulima. Udongo ukishakolea hukusanywa na kuwekwa mahali pasipofikiwa na maji.

Hapo ndipo chungu kinapoingia. Chungu hiki kimetobolewa kitakoni. Kinajazwa udongo wa chumvi, kinainuliwa juu ya chombo kingine, na maji yanamiminwa kutoka juu. Maji yanapita ndani ya udongo, yanaiyeyusha chumvi, yanadondoka chini yakiwa mazito na yenye rangi. Udongo unabaki juu, na wala hautupwi: unarudishwa bustanini, unatandazwa upya, unaanza kazi tena. Watu wa Kibiro wameutumia udongo wao kwa mamia ya miaka bila kuumaliza, jambo ambalo migodi yetu ya dhahabu huku Ituri haijawahi kuliweza.

Maji yaliyochujwa huchemshwa juu ya moto wa kuni mpaka yakauke na chumvi ibaki. Nyanya alisema hatua hiyo ndiyo iliyowatoa wanawake jasho na machozi, kwa sababu kuni ziliteremshwa kichwani kutoka juu ya ukingo. Nilipokuwa kijana nilidhani ufundi wa chumvi uko kwenye moto. Yeye alisisitiza kwamba uko kwenye matone.

"Maji yakikimbia, kuni zinalia," aliniambia.

Nilielewa maana ya maneno hayo baadaye, nilipokuwa naandaa somo. Kilo moja ya maji yanayochemka huhitaji kama kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke yote. Sasa chukua maji ambayo sehemu 5 kati ya 100 ni chumvi. Ili upate kilo moja ya chumvi, utakausha kilo 19 za maji. Lakini maji yakishakolea, sehemu 20 kati ya 100 zikawa chumvi, kilo ileile moja inakudai kilo 4 tu za maji. Tofauti hiyo ni mizigo na mizigo ya kuni, na mizigo hiyo ilikuwa shingoni mwa wanawake. Kwa hiyo chungu chenye matundu kilikuwa pia chombo cha kuokoa msitu na migongo. Kila tone lililoshuka limekolea lilipunguza safari za kupanda ukingo.

Je, tone linakoleaje? Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyekuwa amejenga mfumo wa maji ya mji wa Dijon, alichapisha vipimo vyake vya maji yanayopita kwenye mchanga. Aligundua kwamba wingi wa maji yanayopita unategemea mambo machache yanayoeleweka: kimo cha maji yanayosukuma kutoka juu, upana wa mchanga, unene wake, na jinsi chembe zenyewe zilivyo. Ongeza kimo cha maji, mwendo unaongezeka. Ongeza unene wa mchanga, mwendo unapungua. Udongo laini uliobana unayazuia maji, mchanga mkubwa unayaachia. Kanuni hii bado ni msingi wa hesabu za visima, mabwawa na vichujio vya maji.

Mwanamke wa Kibiro alikuwa na kila kimojawapo cha vipimo vya Darcy mikononi mwake. Alijua ajaze udongo hadi wapi, aushindilie kiasi gani kwa kiganja, amimine maji hadi kimo gani, na chungu kitobolewe matundu mangapi. Akishindilia mno, maji hayapiti, siku inapotea. Akiuacha udongo umelegea, maji yanachimba vijia vyake na kushuka kwa haraka bila kugusa sehemu kubwa ya udongo, na chumvi inabaki juu huku chini yanatoka maji mepesi yenye matope. Alionja kwa ulimi. Ulimi ndio ulikuwa kipimo chake, na kwa kazi hii ulimi ni kipimo kizuri.

Tunaye shahidi wa kale wa ufundi huu. Tarehe 14 Machi 1864 mpelelezi Mwingereza Samuel Baker na mkewe Florence walifika ufuo wa mashariki, mahali alipopaita Vacovia, yaani Mbakovia, karibu kuelekeana na sisi wa Kasenyi. Wenyeji waliliita ziwa hili Mwitanzige. Yeye akalipa jina la Albert, mume wa malkia wa Uingereza aliyekuwa amefariki. Alipokuwa akingoja mitumbwi ya kumpeleka kaskazini alikwenda kuona mashimo ya chumvi ya kijiji. Aliandika kwamba mashimo yalikuwa na kina cha futi 6 hivi, kwamba tope jeusi la kichanga lilitiwa kwenye mitungi mikubwa iliyokaa juu ya fremu, likachanganywa na maji, na kwamba maji yalipita upesi kwenye matundu madogo ya kitako hadi kwenye mitungi ya chini. Kisha akaandika jambo ambalo kwangu ni kito cha kitabu chake chote: maji yaleyale yalimiminwa tena kwenye tope jipya, na tena, mpaka yakawa makali ya kutosha kuchemshwa. Chumvi aliiona nyeupe lakini chungu. Alikisia kwamba ilitokana na mimea ya majini iliyooza. Kwa hilo alikosea, kwani chumvi hii inatoka ndani ya bonde la ufa, lakini macho yake yaliona vizuri.

Ninalisoma neno lake kuhusu upesi wa maji kama mwalimu anayesoma daftari la mwanafunzi makini. Tope la Mbakovia lilikuwa la kichanga. Mchanga hauzuii maji. Kupita mara moja tu kusingeyakoleza. Wenye kazi hawakuweza kuubadilisha udongo wao, kwa hiyo walibadilisha idadi ya safari za maji: mwendo ulikuwa wa haraka, lakini kila safari maji yalikutana na tope ambalo bado lina chumvi yote. Viwanda vya leo vinavyotoa sukari kwenye viazisukari hutumia mpango huohuo wa kuyakutanisha maji yaliyokwisha kukolea na malighafi mpya, na maji mapya na malighafi iliyokaribia kwisha, ili kisipotee kitu. Nyanya aliufuata mpango huo bila jina lolote. Maji ya mwisho ya chungu, yale yaliyokuwa mepesi, alisema hayamwagwi. Yanakuwa maji ya kwanza ya chungu kinachofuata.

Swali hili la mwendo wa maji lipo hata mbali na ziwa letu. Mtoto wa dada yangu anaishi Ubelgiji, na nyumbani kwake ana tangi la kioo lenye samaki wa bahari na matumbawe. Aliwahi kunipigia simu akiwa na wasiwasi. "Mjomba, wewe ni mtu wa fizikia. Pampu yangu inasukuma maji mengi sana kwa saa, lakini maji hayasafiki. Ninunue kubwa zaidi?" Nilimwomba anieleze maji yanapita wapi. Kumbe mengi yalikuwa yanazunguka pembeni mwa sponji ya kichujio kwa sababu sponji ilikuwa imeziba. Pampu kubwa zaidi ingeyasukuma kwa nguvu zaidi kupitia njia ileile ya pembeni. Nikamsimulia chungu cha nyanya yake mkuu na vijia vya maji kwenye udongo uliolegea. Akaenda kuiosha sponji na kuikaza vizuri mahali pake.

Watu wa matangi hayo wana historia yao, na inagusana na yetu kwa tarehe. Mwaka uleule wa 1864 ambao Baker alifika Mbakovia, akwaria ya bustani ya wanyama ya Hamburg ilifunguliwa chini ya uangalizi wa Mwingereza William Alford Lloyd. Mwaka 1871 Lloyd huyohuyo alisimamia ile ya Crystal Palace, London, ambako maji ya bahari yalizungushwa na pampu mchana na usiku kati ya matangi ya maonyesho na hodhi kubwa la giza lililofichwa chini. Kwenye giza lile mwani haukuota, na maji yalipumzika yakarudi safi. Baadaye wanasayansi walieleza kwamba bakteria wanaoshikamana na mchanga na mawe ndio wanaoigeuza amonia ya samaki kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo na sumu kali, na kwamba kazi yao inahitaji maji yanayopita karibu nao yakiwa na oksijeni. Lloyd alitaka chumvi ibaki ndani ya maji na uchafu uondoke; wanawake wa Ziwa Albert walitaka udongo ubaki na chumvi ishuke. Swali la kasi lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba jina la Lloyd limehifadhiwa.

Chumvi iliyotoka kwenye vyungu vya wanawake hao haikukaa kijijini. Ilipanda hadi masoko ya Bunyoro, wafalme waliitoza kodi, na mitumbwi iliileta ng'ambo huku kwa Bahema na Alur, kwa binadamu na kwa ng'ombe. Mfugaji anajua ng'ombe asiyelamba chumvi anavyokonda huku nyasi zipo. Emin Pasha, akitawala kaskazini kwa niaba ya Misri, alifika Kibiro na kuandika juu ya chumvi yake. Tarehe 29 Aprili 1888 alikutana na mpelelezi Stanley kwenye ufuo wetu huu wa kusini-magharibi, baada ya kuteremka ziwani kwa meli ya mvuke iitwayo Khedive. Miaka mitatu baadaye ofisa Mwingereza Lugard alijenga ngome Katwe, kusini zaidi, akiwa na shabaha ya wazi ya kushika chumvi ya ziwa lile la kreta. Waliopigania nchi hizi walielewa kwamba anayeshika chumvi anashika njia.

Kisha ukaja mpaka. Mwaka 1910 mataifa ya Ulaya yalikubaliana huko Brussels kuhusu mstari unaokata ziwa, upande mmoja Kongo ya Wabelgiji, upande wa pili Uganda ya Waingereza. Chumvi ya shangazi zetu ikawa bidhaa ya nchi ya kigeni. Meli za shirika la reli la Kenya na Uganda zilianza kuunganisha Butiaba na Kasenyi na Mahagi, na iliyojulikana zaidi, Robert Coryndon, ilifanya kazi hadi ilipozama Butiaba katika miaka ya 1960, wakati maji ya ziwa yalipopanda kupita kawaida. Meli na reli zilileta chumvi ya magunia kutoka pwani, nyeupe, ya bei nafuu, isiyo na uchungu. Wakati huohuo migodi ya Kilo-Moto, iliyoanza baada ya dhahabu kuonekana mwaka 1903, ilihitaji kulisha maelfu ya wafanyakazi, na samaki wa chumvi akawa chakula cha kambi. Kwa hiyo Kasenyi ilihitaji chumvi nyingi kuliko wakati wowote, na hasa wakati huo ikaacha kuinunua kwa majirani zake. Nyanya alimkandika samaki chumvi ya magunia maisha yake yote ya ndoa. Ile ya kwao aliiweka kwa dawa ya kifua na kwa mboga za sikukuu.

Kibiro haikufa. Mwaka 1989 na 1990 mwanaakiolojia Graham Connah alichimba pale, akakuta matabaka marefu ya vigae na majivu, akaonyesha kwamba kazi hiyo imeendelea kwa mamia ya miaka bila kukatika, na kitabu chake kilitoka mwaka 1996. Mwaka uliofuata Uganda ilikiweka kijiji hicho kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia. Uvinza na Ivuna nchini Tanzania pia zina historia ndefu ya kuchemsha chumvi, lakini sijui kwingine ambako binti bado anakwangua bustani ya mama wa mama yake.

Naukumbuka pia mfano wa Katwe. Kiwanda kikubwa cha kisasa kilijengwa pale katika miaka ya 1970 ili kuchukua nafasi ya mikono ya watu. Maji ya chumvi yaliyala mabomba yake, na kikasimama muda mfupi baada ya kuanza. Wachimbaji wa kawaida wako pale mpaka leo na madimbwi yao. Sifurahii hasara ya fedha za umma. Nataka tu vijana wetu wanaosomea uhandisi waione hesabu yote: chuma cha kiwanda hakikuhimili kile ambacho udongo wa mfinyanzi ulihimili siku zote.

Kwetu huku miaka imekuwa migumu. Bogoro na Tchomia, kwa majirani zetu, damu ilimwagika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu kwa makumi ya maelfu walijaza mitumbwi wakikimbia machafuko, wakavuka hadi Sebagoro, upande wa Hoima, na wengi wetu tukagundua upya kwamba ng'ambo kuna ndugu. Katika foleni za wakimbizi wazee walitajiana koo, na koo zikakubaliana. Ziwa limepanda tena na kula nyumba za ufuoni. Wazee wanaoijua njia ya zamani ya chumvi wanapungua pande zote mbili.

Kwa hiyo nimewapa wanafunzi wangu wa zamani kazi, wale walioko Bunia chuoni na wale wanaouza samaki hapa. Kiangazi kijacho, karatasi za mpaka zikikamilika, tutakwenda Kibiro kwa ruhusa ya wenye bustani. Siku hizi beseni na ndoo zilizotobolewa kwa msumari zimechukua nafasi ya vyungu vingi, lakini maji yanashuka kama zamani. Baker aliandika kwamba yalipita upesi, na hakuna aliyemuuliza upesi kiasi gani. Tutapima kimo cha maji juu ya udongo, unene wa udongo wenyewe, idadi na upana wa matundu, na muda wa kujaa kikombe kimoja. Tutapima ukali wa tone la kwanza, la katikati na la mwisho, kwanza kwa ulimi wa mwenye chungu na halafu kwa mizani yetu. Vipimo hivyo vitaandikwa pamoja na jina la kila mwanamke atakayekubali jina lake liandikwe.